Ole Barafu alipoanguka: matokeo ya figure skating yaliyonitoa kitandani Kitengela

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimesoma nyuzi zenu za mpira na machozi yenu ya kila wikendi, nikaona leo niwaletee ya kwangu. Chumvi sijaongeza. Mama yangu yuko hai na wajukuu humsomea mambo ya humu, kwa hivyo nikidanganya nitajulikana kabla ya jioni.

Mimi ni fan wa figure skating ya wanaume. Ile ya kucheza kwenye barafu na viatu vya chuma. Na nimelelewa Kitengela.

Cheka umalize, tuendelee.

Kitengela ya miaka ya tisini haikuwa hii yenu ya maghorofa. Ilikuwa vumbi, upepo, na ng'ombe wenye haki zaidi ya barabara kuliko magari. Barafu tuliyoijua ni ile ya kunyonya, nyekundu, ya kwenye karatasi ya plastiki.

Baba alikuwa karani kwenye ofisi ya serikali Kajiado. Alituletea TV ndogo iliyotumia betri ya gari. Betri ilipelekwa kwa fundi kuchajiwa, na Mama aliilinda kama unga. Habari kidogo, halafu Jumapili baada ya kanisa, kipindi cha michezo. Basi.

Kwenye kipindi hicho, kati ya riadha na mpira, walikuwa wanatupia skating kidogo. Nafikiri ilikuwa ya kujaza nafasi tu.

Hapo ndipo nilipomwona. Shati jeusi, jina lisilotamkika, nchi ambayo Baba alilazimika kuitafuta kwenye ramani. Akaruka, akazunguka hewani, akatua polepole kama paka anayeshuka kwenye paa la stoo.

Nilipenda. Sina neno lingine.

Landlord wetu, Mzee Lekishon, alikuwa anakuja kunywa chai Jumapili. Ndiye aliyempa jina. Alisema mtu hawezi kuwa hodari hivyo bila ukoo, kwa hivyo huyu ni Ole Barafu, yaani mwana wa Barafu kwa Kimaasai. Plot nzima, wapangaji wote, ikamjua kwa jina hilo.

Mzee alisumbuka mwanzoni, maana alizoea riadha. "Mbona anakimbia peke yake? Sasa anashindana na nani?" Nilipomweleza kwamba kuna watu wameketi wanatazama na kutoa alama, alituliza roho. Kwake hiyo ilikuwa kama soko la ng'ombe la Kajiado, watu wanazunguka mnyama, kila mtu na jicho lake.

Tulimfuata Ole Barafu miaka mingi. Akishinda nilitembea kifua mbele hadi Jumatano. Akishindwa Mama alinikuta nimenuna jikoni.

Sasa tuingie kwenye uchungu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimemaliza shule, najifunza kushona. Siku moja lori la mawe likarudi nyuma pale stage ya matatu bila kuangalia, likanibana kwenye ukuta. Mguu wa kulia ukavunjika juu na chini ya goti.

Nililazwa Kajiado, nikafungwa plasta, nikarudishwa nyumbani. Plasta ilipotolewa nilikuta mguu mwembamba kama wa mtu mwingine, na goti halikunjiki.

Daktari wa mazoezi alikuwa mama mmoja asiyezungukazunguka. Alinipa magongo akaniambia, "Nanjala, tembea sasa hivi, kila siku, hata ukilia. Ukilala, hilo goti litakauka hivyo hivyo, na sitaweza kukusaidia."

Nilijaribu mara moja. Ule uchungu wakuu, acheni tu. Nikaanguka mlangoni, nikarudi kitandani, na nikasema sitoki tena.

Kila asubuhi Mama aliegemeza magongo karibu nami. Kila asubuhi niliyasukuma chini ya kitanda.

Baba alibembeleza. Mama alifoka. Mama Hibo, jirani yetu kutoka Garissa aliyekuwa na duka la nguo upande wa pili wa barabara, alileta maziwa ya ngamia na maneno makali. "Wewe msichana, unataka kuolewa na hicho kitanda?"

Siku moja Mama aliponizidi, nikamjibu kwa hasira, "Ole Barafu anashindana msimu huu. Akichukua medali, nitatembea. Asipochukua, mniache."

Nilisema tu ili anyamaze. Lakini Mama yangu ni Mluhya wa kanisa, hakuna kitu cha kusema tu.

Akaipeleka fellowship, kwa wenzake wa kikundi cha maombi.

Nawaambia ukweli, akina mama wa Kitengela waliomba kwa ajili ya mwanaume wa shati jeusi ambaye hata hawajui anaabudu wapi. Walifunga chakula. Nilimsikia Mama sebuleni akimlilia Mungu, "Baba, mshike mtoto wako Ole Barafu, asianguke hata mara moja." Na wenzake, "Ameen!"

Wiki zikapita hivyo. Wao wanaomba, mimi nimelala, goti linakauka.

Hatimaye kipindi kikatangazwa. Jumapili hiyo Baba alileta betri iliyojaa. Nikabebwa na kuwekwa kwenye kochi. Akina mama wa fellowship walijaa. Mama Hibo alifunga duka akaja. Mzee Lekishon alikalia kiti cha mbele kabisa.

Ole Barafu akaingia. Mama Hibo akafunika macho kidogo. "Wallahi, hiyo suruali inambana. Huyu hana ndugu wa kumwambia?"

Muziki ukaanza. Mruko wa kwanza, akaanguka. Chini kabisa, ubavu mzima kwenye barafu.

Akainuka.

Mruko wa pili, akaanguka tena. Mama akashika kichwa.

"Mbona hapumziki kidogo ajiuguze?" Mzee Lekishon akauliza.

"Hawezi, Mzee," nikasema. "Muziki haungoji mtu."

Akainuka tena. Akacheza hadi mwisho, na sehemu ya mwisho alicheza vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Nililia wazi. Alama zikatoka. Wa sita.

Wa sita! Nilitukana majaji mbele ya fellowship nzima. Hadi leo nasema ule ulikuwa wizi, nafasi ya nne ilikuwa halali yake, na hilo sibadilishi.

Halafu mtangazaji akafunga kwa kusema kwamba mashindano hayo yalifanyika mwezi uliopita.



"Mwezi uliopita?" Mama akauliza. "Ina maana tulifunga chakula na mtu alikuwa ashaanguka?"

Mama Hibo alicheka hadi mtandio ukamtoka. Hata kasisi wetu angekuwepo angecheka. Lakini kicheko kilipoisha, wote wakageuka kunitazama, kwa sababu ahadi ilikuwa ahadi.

Mzee Lekishon akaisema. "Basi mtoto ameshinda. Hakuna medali. Hatatembea." Akanyanyua kikombe chake akanywa, hata hakunitazama.

Wakuu, nilichokitaka nilikipata mkononi. Ruhusa ya kulala, mbele ya mashahidi.

Na nikaona aibu iliyonichoma kuliko goti. Mwezi mzima nilikuwa nimelala nikimngoja huyu mtu ashinde ndipo mimi niinuke. Kumbe yeye alishaanguka, alishainuka, alishaenda nyumbani. Labda saa ile nikiwa kwenye kochi alikuwa tayari anafanya mazoezi ya msimu mwingine. Nilikuwa namngoja mtu ambaye hakuwa ameningoja.

"Mama, leta magongo."

"Lakini ulisema..."

"Leta!"

Nikasema naenda hadi dukani kwa Mama Hibo. Uani, geti, barabara, duka. Nilitoka hatua moja moja. Mama Hibo akanitangulia kinyumenyume, mikono mbele, kama mtu anayemwita mtoto anayeanza kutembea.

Getini gongo likaingia kwenye shimo, nikaenda chini. Vumbi mdomoni. Akina mama wakapiga kelele, Baba akanikimbilia.

"Msinishike!" nikawaambia. "Muziki bado."

Wakaniacha. Nikainuka. Sikumbuki ilichukua muda gani, nakumbuka tu Mzee Lekishon amesimama getini, akizuia watu kwa fimbo yake wasinisaidie.

Nilifika dukani.

Siku hizi naishi Matasia na nachechemea msimu wa baridi. Ole Barafu sijui alimalizia wapi, maana kile kipindi kilitolewa. Nimeshindwa kumtafuta mtandaoni kwa sababu jina lake halisi sijawahi kujua kuliandika.

Nilichojifunza ni kidogo. Usifunge mguu wako kwenye medali ya mtu mwingine. Huenda matokeo yake yalishatoka zamani, na wewe bado umelala ukiyangoja.

Karibuni mseme. Wewe unamngoja nani ashinde ndio uinuke? Na kama kuna jaji wa skating humu ndani, ajitokeze, nina neno naye.