Kitambi Kilichopotea

Kwa miaka kumi na tisa fundi alimshonea mumewe suruali, na kila mwaka kiuno kiliomba nafasi, hata akazoea kuacha kitambaa cha akiba kwenye mishono. Kwa hiyo siku mumewe, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, alipomletea suruali tatu akiomba zipunguzwe, fundi alizipokea. Alipima mara mbili. Inchi tano zilikuwa zimekwenda, na mwenyewe hasemi zimekwendaje.

Hapo akaanza kuangalia mengine. Chai sasa hainywewi na sukari. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, viini viwili vikiachwa pembeni. Kuku hachovywi kwenye mafuta, na ngozi inachunwa. Wali, ambao zamani aliupiga kilima, ulikuwa ngumi moja, mboga zimejaa nusu ya sahani. Nyama uzembe za ubavuni zikayeyuka, kifua kikapanda. Akiulizwa, anajibu kwamba umri unakwenda, mtu ajitunze. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akipumzika katikati ya ngazi. Mwanamume wa miaka arobaini na minane hajipambi bure, fundi aliwaza. Kuna macho yanayomtazama.

Dada yake, aliyeshona naye chumba kimoja, alimwambia wazi kwamba mume akipungua tumbo na kuongeza manukato, mke mwenza yuko njiani. Fundi alicheka, kicheko kisichofika moyoni. Palikuwa na donda la zamani. Hawakujaliwa mtoto, na mdogo wa mumewe aliwahi kusema mbele ya ukoo kwamba shamba likikataa mbegu, mtu hutafuta jingine. Mume alikataa, lakini ni miaka saba sasa fundi hasalimiani na shemeji huyo.

Jumamosi asubuhi akamfuata mumewe. Alimwona akiingia kwenye jengo lililokuwa gereji, siku hizi watu wananyanyulia vyuma humo. Akachungulia. Mumewe alikuwa chali kwenye benchi, anasukuma chuma juu ya kifua, na mwanamke mpana wa mabega amesimama kichwani pake, mikono tayari kumpokea, anamhesabia taratibu. Walipomaliza alimpiga begani, naye mume akacheka kicheko ambacho nyumbani kilikuwa hakijasikika kwa miezi.

Fundi alisubiri mumewe aende kuoga, akaingia.

"Mimi ni mke wake."

Mwalimu wa mazoezi hakushtuka hata kidogo, na hilo likazidi kumtia fundi shaka. Alifungua daftari.

"Karibu, dada. Bado kilo mbili tu tumfikishe pale alipotaka daktari."

"Daktari gani?"

Mwalimu akalifunga daftari. "Hilo muulize mwenyewe."

Alimwuliza, nyumbani, mlango umefungwa. Mume alikaa kwenye kigoda, akatazama sakafu, akaeleza. Figo za mdogo wake yule yule zilikuwa zimekufa. Vipimo vilionyesha kwamba figo ya mume ingemfaa, lakini madaktari walikataa kumpasua akiwa na kitambi kile. Wakamtaka apungue na kupata nguvu.

"Ungenikataza," alisema.

"Ningekukataza."

Hata hivyo fundi hakuamini moja kwa moja. Aliyeweza kuficha miezi mitano, angeshindwa kutunga habari ya figo? Jumatatu wakaenda hospitali pamoja. Alimbana daktari: figo moja itamtosha? Ikichoka je? Nani atakayemwangalia mwaka wa tano, wa kumi? Daktari alijibu yote bila haraka, asifiche hatari. Fundi alitoka hajaridhika, lakini kichwani mwake hakukuwa tena na mahali pa kuweka mwanamke wa pembeni.

Baada ya wiki sita ndugu wawili walipasuliwa, wakatoka wazima. Siku ya nne, fundi akitoka kumtazama mumewe, sauti dhaifu ilimwita kutoka chumba cha jirani.

"Shemeji. Nilikukosea."

"Ulinikosea," fundi alijibu mlangoni.

Kisha akaingia, akamtengenezea mto, akamwuliza ameruhusiwa kula nini, na kiasi gani. Shemeji akamtajia. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda kumwuliza muuguzi kama ni kweli.