Macho ya Shangazi

Wifi yangu ana mdomo. Sisemi kwa ubaya. Hata kaka yake, yaani mume wangu, ambaye hapendi kabisa ndugu zake wasemwe, hilo hulikubali bila ubishi. Hospitalini anakofanya kazi wanamwita Redio. Yeye ndiye anayepiga picha za ultrasaundi katika jengo la watoto, na tangu mgonjwa avuke mlango hadi afutwe jeli tumboni, wifi anaongea tu. Huwaambia watoto kwamba ana runinga inayoonyesha walichokula jana, kisha anawasingizia: huyu kala kandambili, yule kammeza mwalimu mkuu mzimamzima. Mtoto anacheka, tumbo linatikisika, picha inaharibika, naye anaanza upya. Hajali. Kwake yeye bora arudie kazi kuliko kumpiga picha mtoto anayelia.

Chumba chake nakijua kuliko nilivyowahi kutaka kukijua. Ni kidogo, kina pazia zito dirishani, kitanda cha plastiki kilichochanika pembeni na mashine yenye magurudumu. Chupa ya jeli huiweka ndani ya kikombe cha maji ya moto, kwa sababu kumpaka mtoto jeli baridi tumboni ni roho mbaya, anasema. Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, yuko mwenzake, mwanamume mkimya waliyempa jina la Futi kwa kuwa kila kitu hukipima, kisha akakipima tena. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana. Futi alimwambia wifi mbele ya wanafunzi kwamba anapima kwa macho kama muuza vitambaa wa sokoni. Mimi ni mshonaji, hao wauza vitambaa nawajua mmoja mmoja, na niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Wifi hakuona cha kuchekesha. Alimnunia Futi kiasi kwamba hata faili alikuwa akimpelekea kwa mkono wa nesi.

Ana watoto wa kiume wawili, wakubwa, wana ndevu zao. Binti yangu, kitindamimba wangu aliye darasa la pili, ndiye aliyemteka akili. Akija nyumbani kwetu hasalimii mtu mzima kabla ya kumbeba yule, na mtoto ana miguu mirefu inayoburutika chini.

Basi binti akaanza kwenda chooni kila saa. Akikojoa, analia. Nilimfokea kidogo nikidhani anakwepa kazi za shule, mpaka asubuhi moja nilipoona mkojo una damu. Zahanati walimpa dawa, hazikusaidia. Tukaenda hospitalini kwa wifi; daktari akamminya chini ya kitovu, akakunja uso, akatuandikia ultrasaundi.

"Nani kamchokoza malkia wangu?" wifi alisema tulipoingia, akamkabidhi chupa ya maji. "Kunywa, mama. Kunywa yote, halafu uzuie."

"Siwezi kuzuia, shangazi. Inauma."

"Zuia kidogo tu. Ikitoka nitafua shuka mwenyewe, tena kwa mikono." Akanigeukia. "Kibofu kikiwa kitupu ni kama soksi iliyovuliwa, wifi. Kinajikunja, kinaonekana kinene hata kama ni kizima. Kikijaa ndiyo kinajinyoosha nikauona ukuta wake."

Kujaa kwenyewe ilikuwa kazi. Mtoto alikunywa, akakimbilia chooni, akarudi, akanywa tena. Hatimaye alilala akiuma meno, wifi akaanza kupitisha kile kifaa cha mkononi huku akimwambia kwamba anaona kifungo cha sare kimekaa kando ya utumbo.

Halafu akanyamaza.

Niliitazama ile runinga. Palikuwa na shimo jeusi, ambalo ndilo mkojo, na pembeni mwake ukuta wa kijivu, mnene. Upande mmoja ule ukuta ulikuwa umefura kuingia ndani. Mkono wa wifi ulipita hapo, ukarudi, ukapita tena. Kisha akakiweka kifaa chini, akajifuta mkono, akatoka.

Nilibaki na mtoto mwenye jeli tumboni. Akaniuliza kama shangazi amekasirika. Nikamwambia ameenda kuchukua kitu.

Alirudi na Futi.

"Nipigie huyu," wifi alimwambia. "Sikwambii nimeona nini."

Futi alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Huyu si wa kwenu?"

"Ndiyo maana."

Futi akavuta stuli. Wifi akaenda kusimama dirishani, uso kwenye pazia, mgongo kwetu. Yule bwana alipima. Akapima kulia, kushoto, juu na chini, akamnywesha mtoto maji, akapima tena, mpaka nikatamani kumpora kile kifaa nimpige nacho. Alipomaliza akaenda kumwita daktari wa picha, mama mtu mzima anayevaa miwani kwa kamba shingoni, naye akaja akatazama kwa macho yake. Kisha akanikalisha.

"Kibofu cha mwanao kimefura, mama," alisema. "Vitu viwili vinaweza kukifanya hivi. Kimoja ni mchochota tu, kama koo linavyovimba ukiwa na mafua. Huo unatibika. Kingine ni kansa."

Nilimvuta mtoto mapajani. Daktari akaendelea:

"Kansa ya hapa, kwa watoto, mara nyingi inaota kama donge na kujazana ndani ya kibofu. Kwa huyu, ukuta umenenepa karibu mzunguko mzima, na ule utando wake wa ndani bado ni laini, haujakatika. Tena kibofu kimesinyaa, hakibebi maji mengi. Yote hayo yananivuta upande wa mchochota. Lakini huu upande mmoja umezidi mwenzake, na siwezi kukuapia kwa picha ya leo. Tutamtibu, wiki mbili, tumpige picha tena. Kufura huku kukigoma kupungua, tutachukua kinyama kidogo kikapimwe."

Nilimfuata wifi kwenye korido, nikamshika mkono wa koti lake jeupe.

"Wewe ni ndugu. Niambie."

"Sijui, wifi."

"Utaachaje kujua? Miaka yote unatazama matumbo ya watu!"

"Ya watu, ndiyo," alisema, akauchomoa mkono wake taratibu, akarudi kazini.

Nilimkasirikia, na sioni kama nilikosea. Zile wiki mbili alikuja nyumbani kila jioni kumnywesha mtoto dawa, akamwimbia, akamsuka, lakini nikimtupia swali anageuka bubu. Mume wangu akasema nimwache dada yake. Nikamwambia dada yake kakauka moyo. Niliogopa, hilo ndilo nililokuwa nalo. Siku moja nilikuwa namshonea binti sketi ya shule, nikaacha upindo mrefu chini wa kushushia atakapokua, kama nifanyavyo kwa kila mtoto. Mkono ukasimama juu ya cherehani. Nilikaa pale nikiutazama ule upindo, nikashindwa kuushona na nikashindwa kuukata.

Mtoto mwenyewe alikuwa anapata nafuu. Alilia mara chache, halafu akaacha kulia. Mkojo ukawa safi. Mimi sikuthubutu kufurahi. Nilisikia kwamba dawa huweza kutuliza maumivu na ugonjwa ukabaki palepale.

Siku ya picha ya pili, wifi hakuingia. Alikaa kwenye benchi la korido, pamoja na akina mama wengine waliopakata watoto, amefumbata mikono. Ndani, Futi alipima, akapima tena, na daktari wa picha akaziweka picha mbili bega kwa bega ili nami nione. Ukuta ulikuwa umepungua unene. Ule upande uliofura ulikuwa umelala. Kibofu kilikuwa kimenyooka, kimebeba maji, na mtoto hakuwa ameuma meno. Alikuwa anamuuliza Futi kwa nini ana nywele puani.

"Kansa haiondoki kwa dawa hizi," daktari alisema. "Huu ulikuwa mchochota. Atarudi baada ya mwezi tumtazame tena, lakini hatumkati."

Nilitoka mbio. Wifi aliponiona alisimama, akakaa tena. Nikamwambia, "Ni mchochota." Mimi ndiye niliyempa habari, mshonaji, yeye ambaye kazi yake ni hiyo. Alifunika uso kwa mikono akalia kwa sauti, na akina mama wa benchi wakamsogelea kumbembeleza wakidhani amefiwa.

Alipotulia nilikaa karibu yake. Asidhani mtu kwamba alipatana na Futi. Wifi bado anaitwa muuza vitambaa, na bado ananuna. Nilichotaka kujua ni kwa nini alimchagua huyo.

"Niliona donge," alisema. "Mara ya kwanza kabisa, niliona donge. Nikasogeza mkono kidogo, macho yakaanza kuniambia si donge, ni ukuta tu. Nikashindwa kujua kama ndicho ninachokiona au ndicho ninachokitaka. Futi hanipendi. Asingenihurumia hata kwa sentimita moja."

"Na ingekuwa kansa? Wangeniita tu wakaniambia, na wewe umejibanza nje?"

"Hapana. Nilishamwomba daktari. Ikiwa ni kansa, aniite mimi kwanza, niingie nikuambie mwenyewe." Alijifuta pua kwa upande wa koti. "Kutazama niliweza kumwachia mtu, wifi. Kukuambia, nisingemwachia mtu."

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo benchini mpaka mtoto akatoka akiburuta kamba za viatu, akauliza tunalia nini.