Kadi ya Tano

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya kibanda changu cha kuandika mabango, Kawempe. Sikuwa mlevi wala sikuwa na homa. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi.

Mkubwa mmoja wa kambini aliwapenda Waskoti waliomfundisha kazi, na Waingereza hakutaka hata kuwasikia. Akaamua kuwapa maofisa wake watano vyeo vya mabwana wa Uskoti, kwenye karamu. Kapteni wake ndiye aliyeniletea kazi.

"Wee fundi, andika kadi tano ya meza, kuanzia cheo ya juu mpaka ya chini. Wewe unasoma vitabu. Kosa moja tu, iko buti ya gari inangoja wewe na mimi."

Ningekataa vipi? Nikaazima kitabu kwa mwalimu mmoja wa chuo cha Kyambogo, nikanakili: Dyuki, Makwisi, Erli, Vaikaunti, Baroni. Nikazitandaza kadi sakafuni zikauke, nikajisifu kabisa.

Nilipoinua macho, mwanamke mzee wa Kizungu alikuwa amesimama juu ya kadi zangu, na viatu vyeupe vya nesi.

"Sista, rangi mbichi hiyo!" nikapiga kelele.

Hakujali. "Fundi, hiyo orodha ni ya Waingereza," akasema, kwa Kiswahili cha wodini. "Kwetu Uskoti, wa tano ni Lodi wa Bunge. Baroni ni mwenye ardhi tu, aliyekuwa na baraza lake la kuhukumia watu. Hakai na hawa."

Nikamuuliza kwa ukali kidogo, amejuaje. Akacheka. Akasema Erli ndiye wa kale kuliko wote, zamani aliitwa mormaer, akishika jimbo kwa niaba ya mfalme. Dyuki alikuja baadaye sana. Baba yake alikuwa Erli, hakuzaa mtoto wa kiume, na cheo chao ni katika vile ambavyo binti huruhusiwa kurithi. Kwa hiyo yeye alikuwa Kauntesi kamili, yaani Erli wa kike.

"Sasa Kauntesi anafanya nini Kawempe?"

"Nilikuja kuuguza watu hospitali ya Mulago. Cheo nilikiacha nyumbani."

Nikaandika kadi nyingine ya tano, ya Lodi wa Bunge. Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema jina lake limefifia, nipite na brashi yangu siku moja, makaburini kwa Wazungu, ukutani upande wa chini. Akaondoka. Niamini, hapo ndipo nilipotazama sakafu. Kadi zote zilikuwa na rangi mbichi, na hakuna herufi iliyochafuka. Viatu vilikuwa vimepita juu yake!

Siku ya pili baada ya karamu, Kapteni alirudi akicheka peke yake. Mkubwa alizisoma kadi moja moja, akasimama kwenye ya tano, akasema huyu fundi anajua Uskoti. Kadi za mwaliko alikuwa amepewa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili. Yeye aliandika Baroni. Sikumwona tena, na mke wake alihama na watoto.

Nikaenda makaburini na kopo la rangi nyeusi. Ukutani, upande wa chini, nikakuta jiwe lake, jina limefifia kama alivyosema. Alikufa kabla ya uhuru. Nilitaka kumwongezea Kauntesi kwa herufi kubwa, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, maana nina deni gani kama si uhai wangu? Lakini chini ya jina, kwa shida, nikasoma neno moja, bila shaka alilichagua mwenyewe: Nesi. Nikalipaka jina lake, kisha neno hilo, basi.

Mpaka leo, kila mwaka, nayapaka upya. Wajukuu wangu tisa nawapeleka mmoja mmoja, wamwambie asante, kwa sababu bila yeye wasingekuwepo. Na wewe unayesoma, mgeni akiingia kukurekebisha kazi, usimfukuze. Msikilize kwanza. Miguu yake utaitazama baadaye.