Pointi Arobaini za Mulozi

Mucheke tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Nilikuwa mwalimu hapa Kalemie, na kila Jumamosi muchana walimu tulicheza muchezo alioacha mwenzetu Mubelgiji. Kila muntu anachagua kiumbe wa hadithi, huyu mupiganaji, yule mwizi, na dadu zinaamua nani anakufa. Kitabu cha sheria kilikaa kwangu, na mimi ndiye niliyekisoma.

Siku moja Sitwayen Prefe, mukubwa wa shule, akavuta kiti; "sitwayen" maana yake raia, njo tulivyoitana kwa heshima siku zile. Akachagua mulozi. Balaa! Kitabuni mulozi anaanza na pointi nne za uhai. Hata panya anaweza kumumaliza. Sasa nani amuue prefe wake Jumamosi, halafu Jumatatu amusalimie? Nikamuandikia arobaini.

Joka likamutafuna, yeye anacheka tu. Mama Feza, mwalimu wa klasi ya kwanza, ambaye mupiganaji wake alikuwa amekufa mara mbili, akafoka: "Huyu mulozi ni wa chuma?"

"Njo sheria ya kitabu, Mama," nikajibu bila kupepesa jicho.

Prefe akaninyooshea mukono. "Lete kitabu." Akavaa miwani, akasoma taratibu kwa kidole. "Hapa wameandika nne."

"Ni kwa heshima yako, Sitwayen."

Prefe akafunga kitabu polepole.

"Binti yangu yuko mu klasi yako," akasema. "Zile pointi zake tisini za hesabu, zilitoka kitabu gani?"