Mito Isiyotakiwa Kupumua

Kama kuna mtu wa mtaa wa Kamalondo asiyekijua kibanda cha Mama Adolphine, basi huyo hajawahi kukalia kiti kibovu cha teksi. Hapo ndipo viti huvuliwa nguo kuukuu na kuvishwa mpya. Mwenyewe ana miaka hamsini na tatu, si mrefu, hacheki ovyo, na akishika sindano hata wambea hunyamaza. Ufundi aliupata kwa marehemu baba yake, mzee Symphorien, mtu wa kaskazini mwa Katanga aliyeshona viti vya mabehewa katika karakana ya reli mpaka macho yakamchoka. Mzee alimwachia msharasi wa kutobolea ngozi, wenye mpini wa mti, na kanuni moja: kila mto ukiisha kushonwa, utoboe matundu madogo ubavuni. Mto usiopumua, alikuwa akisema, hupasuka siku mtu mnene anapoukalia. Adolphine hakuwahi kutoa mto bila matundu yake saba.

Jumatatu moja akaja Guelor, rubani wa ndege ndogo inayobeba mizigo ya wafanyabiashara. Mkononi alishika kaske yake, yaani chombo anachovaa rubani kichwani: upinde mmoja, vikombe viwili vya kufunika masikio, na kijiti cha kusemea. Mito ya vikombe ilikuwa imekwisha. Ngozi ilibambuka vipande vipande, na sponji ya ndani ilikuwa unga mtupu. Kelele za injini zilikuwa zikiingia kama nyumbani kwao. Mara mbili mwezi huo Guelor alishindwa kuwasikia watu wa mnara wa kuongozea ndege wa Luano, na kampuni yake haikuwa na mzaha. Alhamisi saa mbili asubuhi mkaguzi angepanda naye ampime angani. Akishindwa kusikia tena, asahau kurusha ndege. Mito ya kiwandani ingefika kutoka Afrika Kusini baada ya wiki tatu. Ni mke wake, Josée, aliyemwambia aache kulia na aende kwa yule mama aliyewashonea makochi.

Adolphine aliigeuza kaske huku na huku kwa muda mrefu, akaifinya, hata akainusa. Kitu cha namna hiyo hakuwahi kukigusa. Lakini mto ni mto, akajiambia, akakubali. Mito ya zamani ilikuwa imeoza kiasi kwamba ilimpa kipimo tu, haikumpa siri yake. Akachonga sponji laini, ile inayorudi polepole ukiibonyeza, akaivisha ngozi nyeusi ya mbuzi, akashona kwa mishono midogo ambayo mimi ningehitaji miwani kuiona. Jumanne jioni kazi ilikwisha. Na kwa kuwa mkono uliozoea hauulizi, akachukua msharasi, akatoboa matundu saba kila upande.

Jumatano asubuhi Guelor aliijaribu, akaona imemkaa vizuri, akamsifu mpaka majirani wakageuka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Adolphine si mgema wa namna hiyo. Sifa humtia wasiwasi. Akaichukua kaske kutoka kichwani mwa mtu mzima na cheo chake, akaivaa juu ya kitambaa chake cha kichwani, kisha akakumbuka kuwa kitambaa kinazuia, akakivua mbele za watu. Akatembea hadi nyumba ya tatu, kwenye mashine ya kusaga mahindi ya Chishimba, mashine ambayo ikiwaka hata ugomvi wa mtaa huahirishwa. Akasimama kando yake, nywele zote zikigeuka nyeupe kwa unga.

Kelele ziliingia. Si zote, lakini ziliingia. Akabana vidole ubavuni mwa mito, juu ya matundu, na mara mashine ikawa mbali. Akaondoa vidole, mashine ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, ingawa mara ya kwanza alikuwa ameshaelewa. Matundu ya baba yake ndiyo yaliyokuwa yakipitisha kelele.

Hakuna mwingine ambaye angejua. Guelor mwenyewe alikuwa ameshatosheka, na mafundi wangapi ninaowajua wangemwacha aende zake. Adolphine alirudi, akaweka kaske mezani.

“Commandant, kosa iko yangu,” akasema. “Hii siwezi kukupatia.”

Guelor alisihi. Alisema wabandike hata plasta juu ya matundu, kesho si mbali. Adolphine akamjibu kwamba plasta ikipata jasho itaachia, na itaachia huko juu, si hapa chini. Akaifumua mito yote miwili mbele ya macho yake, na Guelor akageuka asitazame.

Ngozi ya mbuzi ilikuwa imekwisha. Adolphine akaingia ndani, akatoka na mkoba wake wa Jumapili, wa ngozi laini, akautia mkasi bila hotuba. Safari hii aliuficha mshono upande wa kikombe, akaupaka gundi, na msharasi akauweka juu ya kabati, mbali na mkono wake. Kabla jua halijatua alikuwa tena kwenye mashine ya Chishimba. Alisimama pale mpaka debe zima likasagwa, kisha akatoka, akampa Guelor kaske yake na kusema tu kwamba sasa ndiyo.

Alhamisi teksi mbili zililetwa kushonwa viti. Adolphine aliwaambia wenyewe wasubiri, akafagia kibanda mara mbili, akapanga nyuzi zilizokuwa tayari zimepangwa. Saa sita kasorobo Guelor akatokea, bado na sare yake, karatasi ya mkaguzi mkononi.

“Mama Adolphine,” akasema, “nilisikia mnara yote. Nilisikia hata ule mwenye kunipima anameza mate.”

“Masikio haikuumi?”

“Hapana, mama.”

“Basi iko muzuri.”

 Adolphine akakaa juu ya kiti cha teksi kilichokuwa wazi, sponji nje, akamwomba binti wa jirani amletee bukari, yaani ugali, kwa kuwa tangu jana mchana hakuwa ametia kitu mdomoni.