Usingizi wa Mama Mlimani

Sisi wa umri huu hatujasahau mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na miaka minane hivi. Kwa siku nne mama alivuka mlima wetu wa Iramba kwenda na kurudi, vyungu, majembe na mtama wa akiba vyote vikipita kichwani mwake, mdogo wangu mgongoni. Baba alibaki akibomoa nyumba ya zamani ili aokoe miti ya paa.

Jioni ya siku ya nne miguu ya mama ilivimba, tukakaa kando ya barabara. Hapo juu palikuwa na hoteli ndogo ya vyumba vitatu, kuta za mawe, walikolala madereva wa malori ya pamba. Mwenye hoteli, Mama Eliza, akatuona.

"Ingieni mlale. Mizigo itawangoja."

"Nikilala sitaamka, dada," mama akasema.

"Basi usiamke mpaka uchoke kulala."

Akampa beseni la maji ya moto akande miguu. Shuka lilikuwa jeupe, linanukia sabuni ya mche. Asubuhi ukungu ulifika mpaka mlangoni, nami nikapewa uji wa uwele wenye asali, nikaota joto la bakuli kabla ya kunywa. Enzi zetu mtoto alijua mchezo wa rede na mbio za mchakamchaka. Hoteli nilidhani ni mahali pa wagonjwa.

Nikacheza uani, mdogo wangu nimembeba. Jua likafika utosini, mama hajatoka. Nikaingia. Alikuwa chali, mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kumwona amelala: nikiamka ameshachota maji, nikienda kulala bado anasaga. Nikamwita. Nikamwita tena. Kimya. Nikakimbilia jikoni nikilia kwamba mama amekufa.

Mama Eliza alifuta mikono, akaja, akamwekea kiganja karibu na pua.

"Amechoka tu, mwanangu. Mwache."

Akanipokea mtoto, akanipa kiazi cha moto, akafunga mlango taratibu. Mama aliamka alasiri, akanyonyesha, akala, akalala tena. Kesho yake akajitwisha mizigo, tukashukia upande wa pili, akaanza kukandika nyumba mpya.

Miaka mingi baadaye, mama amezeeka, nilimkumbusha siku ile.

"Nilikusikia ukiniita," akasema. "Sikutaka kuitika."

Siku hizi wajukuu zangu wakienda hotelini hupiga picha ya kitanda kabla hawajakilalia, halafu hurudi wakilalamika kwamba safari imewachosha. Nawacheka kidogo, ila siwabishii. Mimi mwenyewe nalala kila mchana, mlango wazi, redio inaongea peke yake, na hakuna anayekuja kutazama kama napumua.