Mpira Mdomoni mwa Simba wa Vumilia

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala mlimani, na Vumilia Ndayikeza ameshaingiza mkono mdomoni mwa simba. Ameshika tindo jembamba kama penseli. Mkono wa pili una nyundo ndogo. Anagonga, anapuliza vumbi, anasikiliza. Anagonga tena.

Simba ni wa jiwe, mkubwa kama mbuzi aliyekaa. Nyuma ya meno yake kuna mpira wa jiwe, kama chungwa hivi. Sasa sikia maajabu yake: huo mpira haukutoka nje ukatumbukizwa. Umechongwa humo humo mdomoni, kwenye jiwe lile lile la simba, tindo likipita katikati ya meno kidogo kidogo kwa miezi.

Leo umebaki umeshikiliwa na kipande kimoja tu, chini, chenye unene wa kidole cha mtoto. Kikikatika vizuri, mpira utabingirika mdomoni na hautatoka maisha, maana meno yameubana. Kikikatika vibaya, mpira unapasuka au jino linaondoka, na simba mzima anatupwa nyuma ya uzio.

Jiwe jingine la ukubwa huo halipo. Hili ndilo la mwisho, kwa sababu la kwanza Vumilia alishaliharibu mwenyewe.

Mlima huu uko njia ya kutoka Gitega mjini kwenda Bugendana. Huko juu watawa wa Kihindu wana monasteri yao ndogo, na wanajenga hekalu la mawe kama wazee wao walivyojenga, kwa mikono. Yaani hakuna mashine inayogusa jiwe. Kila asubuhi matindo yanapelekwa kwenye moto kunolewa. Halafu mzee Selvaraj, fundi mkuu aliyetoka kusini mwa India, anapita na kikapu cha maua. Anaweka ua juu ya kila jiwe litakalogongwa siku hiyo, analiomba radhi.

Vumilia ni mwanakwaya wa Kikatoliki, lakini siku hizi naye anaweka ua lake.

"Siliabudu," anasema. "Naliomba samahani tu. Wewe ungepigwa nyundo kutwa nzima, usingependa mtu akuombe samahani kwanza?"

Jioni anashuka mpaka mtaa wa Nyamugari, alikopanga chumba kwa Mama Zuena, mshonaji wa nguo anayejulikana mtaa mzima kwa mdomo wake. Cherehani ya Mama Zuena iko barazani, na Vumilia hapiti hapo bila kutaniwa.

"Mi namwambiaka, we Vumilia, uko mukristo, unalala mu nyumba ya waislamu, unachongea Wahindi mawe yao," anasema Mama Zuena bila kuacha kukanyaga cherehani. "Siku ya mwisho utapita mulango gani? Eti ananijibu: ule nitakuta wazi. Na vumbi yote ile mu masikio. Bon, mi nikamupenda hapo hapo."

Kuchonga Vumilia hakujifunzia hapa. Alifundishwa na mama yake, Emerensiana, anayeishi Gashoho, mkoani Muyinga. Mama huyo alikuwa fundi wa mawe ya kusagia, yale ya mtama na ulezi, tangu walipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Vumilia alikulia huko huko, akisikia nyundo ya mama kabla hajasikia kengele ya shule.

"Mama alikuwa anagonga jiwe mara moja, anasema hili lina ufa ndani, acha," anakumbuka. "Mimi naona jiwe zima tu. Tukilipasua, ufa huo hapo. Nilikuwa nadhani ni mchawi."

Biashara yenyewe haikuwa ya kutajirisha mtu. Mteja akinunua jiwe, atarudi binti yake akiolewa. Halafu mashine za kusaga zikafika mpaka vijijini, hata hao wa binti wakaacha kuja. Vumilia akaanza kuponda kokoto za ujenzi, na kokoto ndizo zilizomleta Gitega. Alipanda mlimani kuuza mzigo, akamkuta mzee Selvaraj anagonga jiwe huku ameinamisha sikio, vile vile kama mama yake. Akasimama hapo mpaka watu wakamuuliza kama amepotea. Siku iliyofuata akarudi kuomba kazi.

Alianza kwa kusawazisha mawe ya ngazi. Mkono wake ulipoonekana umetulia, akapewa simba. Mlango mkuu unataka simba wawili. Wa kulia alichongwa na mzee Selvaraj mwenyewe, wa kushoto akapewa Vumilia.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo mafundi wakilisimulia mpaka leo wanashika mbavu.

Kwa watu wa mawe ya kusagia, jiwe kubwa ni mama, na lile dogo la kushika mkononi ni mtoto. Yote mawili hutoka mwamba mmoja. Kazi ikiisha, fundi anamtoa mtoto, anamwosha, anamkabidhi mwenye mali kwa mikono miwili. Ukikabidhi mama bila mtoto, umemtukana mteja.

Basi Vumilia akafika mwisho wa simba wa kwanza. Yule wa mzee alikuwa amefunikwa turubai, mdomo wake Vumilia hakuwahi kuuchungulia, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mpira hautolewi. Mpira ukaachia, ukazunguka vizuri. Mzee alikuwa amekwenda kula. Vumilia akavunja meno mawili ya simba, taratibu kabisa, akautoa mpira, akauosha, akampelekea mzee kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

"Nikamwambia, mzee, huyu hapa mtoto," anasimulia, na uso ameuficha kwenye kitenge. "Mzee akaangalia mpira. Akaangalia simba. Akakaa chini kwenye udongo."

Thomas, fundi mwenzake anayejua Kifaransa na lugha ya mzee, na huwa anamtafsiria, alikuwepo. "Mimi nilianza kutafuta maneno ya kumwambia huyu dada kwamba amefukuzwa," anasema. "Nimeyapanga yote. Mzee akaniambia, muulize kwanza kwa nini."

Vumilia akaeleza habari ya mama na mtoto. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaugeuza geuza ule mpira, akamrudishia. Alisema ampelekee aliyemfundisha. Kisha akamwonyesha jiwe la mwisho na kumwambia kwamba huyu mtoto anabaki tumboni.

Mpira wa kwanza sasa uko Gashoho. Emerensiana anapondea karanga.

Na Emerensiana ndiye anayemnyima Vumilia raha. Macho ya mama yamekuwa yakififia, sasa anaona mwanga tu na vivuli. Vumilia anataka kitu kimoja: mama aje hapa mlimani, aingize vidole mdomoni mwa simba, ausikie mpira unazunguka. Amemwomba mara nyingi. Mama hataki.

Sababu yake anaitoa mwenyewe kwa simu, sauti kavu kabisa. "Gari nimepanda mara mbili. La kwanza lilinipeleka ukimbizini, la pili likanirudisha. Zote nilikuwa nyuma ya lori, juu ya magunia, na zote nilifika sina kitu. Inatosha. Na hilo jiwe lenyewe halisagi. Nije nishike jiwe lisilosaga?"

Vumilia anasema mama akishika ataelewa. Ila Vumilia akiuvunja mpira huu, hakuna cha kushika.

Jua linapanda, ukungu unaondoka. Mzee Selvaraj amekuja kusimama nyuma yake. Kiswahili chake ni maneno machache aliyookota kwa mafundi. Anagonga simba shingoni kwa ukucha, anainamisha sikio.

"Bado," anasema.

Vumilia anamwagia maji kidogo, anagonga. Thomas ameacha kazi yake. Mafundi wengine wanajifanya wanafanya kazi.

"Bado."

Anatoa tindo, anaweka jingine, jembamba zaidi. Hagongi kwa nyundo tena, anasukuma kwa kiganja. Kunasikika mlio mdogo kama mtu aliyevunja kijiti mfukoni. Vumilia anafumba macho. Hataki kuangalia meno.

Mzee anaingiza kidole, anasukuma. Ndani ya simba kunaunguruma, kunazunguka, kunatulia.

Safari hii hasemi "bado". Anachukua ua lililobaki kikapuni na kulichomeka kwenye kitambaa cha kichwa cha Vumilia, kisha anaondoka haraka kuelekea kwenye chai.

Vumilia amekaa chini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Anafuta mikono, anatoa kisimu chake, anapiga Gashoho.

"Mama, sikiliza." Anaweka simu kwenye meno ya simba, anaingiza vidole, anabingirisha. Anabingirisha tena.

Upande wa pili wanasikika kuku.

"Ni mkubwa kama huu wangu?" Emerensiana anauliza.

"Sawa na huo, mama."

"Na ni duara? Usinidanganye, nasikia kama unayumba."

"Ni duara. Unayumba kwa sababu sakafu ya mdomo nimeiacha na tuta."

"Umeiacha ya nini?"

"Ili mpira usikike."



"Haya. Mtoe basi, uniletee."

"Huyu hatoki, mama. Anakaa humo humo."

"Hatoki kabisa?"

"Kabisa."

"Na mkono unaingia?"

"Wangu vidole tu. Wako ni mwembamba, utaingia wote."

Thomas anasogea karibu asikie. Kuku wa Gashoho wanafukuzwa, mlango unafungwa, mama anarudi kwenye simu.

"Hilo gari la kutoka Muyinga," anasema, "lina kiti cha mbele?"

"Kipo, mama. Jumamosi nakuja kukuchukua, tunakaa wote mbele."

"Nitakuja na huu wangu," anasema Emerensiana. "Nataka niwasikie wote wawili."